Jirani msumbufu jukwaani Kwa Mkapa

Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000, na kule mzunguko, yaani majukwaa ya tiketi za bei ya chini, unakaa unapopata. Siku ya Simba na Yanga ingia mapema, ukae karibu na familia nyingine. Mimi huenda na binti yangu, kwa hiyo hili nalitilia mkazo.

Mtu akisimama mbele yenu, usimvute jezi. Mguse bega: "Kaka, samahani, mtoto haoni." Wengi hukaa, hata wakinuna. Mwenye vuvuzela mwombe aielekeze uwanjani, ila subiri mpira utoke. Timu yake ikishambulia hakusikii.

Matusi usiyajibu kabisa, hasa ukiwa na jezi ya upande wa pili. Hameni safu. Akiwafuata, mwite askari aliye karibu, umweleze jamaa kavaa nini, bila kumnyooshea kidole.