Somo: Kukusanya sarafu za zamani za Afrika Mashariki bila kufilisika wala kuvunja sheria

Somo hili ni kwa wale wanaouliza kila mara, "Hii sarafu bei gani?" Kwa wengi wao jibu la kweli ni kwamba haifiki bei ya soda mbili. Kama hilo linakuvunja moyo, hobi hii huenda si yako, katafute viwanja. Kama bado unataka kujua sarafu hiyo ilipigwa wapi, wakati wa nani, na kwa nini ina tundu, karibu jamvini.

Hatua ya 1: Weka mpaka kabla ya kununua chochote

Ukisema unakusanya "sarafu za Afrika Mashariki" umejitosa baharini. Humo mna pesa za shaba za Sultani Barghash zenye picha ya mizani, za mwaka 1299 Hijria. Mna rupia za Wajerumani zenye sura ya Kaizari Wilhelm II, fulorini ya Mwingereza iliyoanza 1920 na kufutwa mwaka uliofuata, shilingi za wakoloni, halafu za nchi huru. Anayetaka zote huishia na kopo lililojaa vyuma asivyoweza kuvieleza.

Mimi humshauri mgeni aanze na senti zenye tundu. Zipo za kutosha, ni za bei nafuu, na zina mengi kuliko zinavyoonekana. Zilianza chini ya Mwingereza hata kabla ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki kuundwa 1919, zikaendelea hadi miaka ya uhuru. Upande mmoja utaona taji na thamani, upande wa pili pembe za ndovu zimezunguka tundu. Jina la mfalme limeandikwa ukingoni, na hapo ndipo raha ilipo. Tafuta ya 1936 yenye jina la Edward VIII. Huyu alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja akajiuzulu Desemba 1936. Sarafu zenye sura yake hazikuingia kwenye mzunguko kwao Uingereza, lakini senti tano na senti kumi za huku, kwa kuwa zina tundu na hazihitaji sura ya mtu, zilikwisha kupigwa na kusambazwa. Bibi zetu walinunulia chumvi kwa sarafu ambayo Mwingereza mwenyewe hakuwahi kuishika dukani kwake.

Kisha linganisha senti kumi ya 1942 na ya 1949, zote za George VI. Ya kwanza inamtaja kuwa pia kaizari wa India, ya pili imekaa kimya. Katikati hapo, 1947, India ilipata uhuru. Na ukipata ya 1964 utakuta hakuna jina la mtawala kabisa.

Asiye na mtaji aanze na zilizomo mfukoni. Kenya ilitoa sarafu mpya Desemba 2018: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Sababu ni Katiba ya 2010, iliyokataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha. Zile zenye sura za marais bado zinapita mikononi mwa makondakta, zikusanye sasa. Kwa Tanzania, seti ya kwanza ya 1966 ni ndogo na inakamilika: samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye ishirini, sungura kwenye hamsini, na shilingi yenye mwenge.

Hatua ya 2: Jifunze kuisoma

Nunua lenzi ya kukuzia, mizani ndogo kama ya sonara, na sumaku. Tafuta herufi ndogo: H ni ya kiwanda cha Heaton, Birmingham, KN ni Kings Norton, SA ni Pretoria, I ni Bombay. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Pretoria na Bombay zilibeba sehemu ya kazi hiyo, ndiyo maana SA na I unazikuta kwenye miaka hiyo.

Kwenye za Mjerumani, A ni Berlin, J ni Hamburg, na T ni Tabora. Hiyo T ina kisa chake. Vita Kuu ya Kwanza ilipowazibia Wajerumani njia ya bahari, walianza kupiga sarafu wenyewe Tabora mwaka 1916: heller (senti za Mjerumani) tano na ishirini, nyingine mbovumbovu hata maandishi yamekaa upande. Mimi nazipenda kuliko zote kwa sababu ya huo ubovu. Mwaka huohuo wakapiga pia rupia 15 za dhahabu, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye ndovu na mlima nyuma yake. Hizo ni dhahabu ya 750, yaani sehemu 750 safi kati ya 1000, na zina uzito wa gramu 7 na ushei. Za bandia zimejaa. Mtu akikutolea moja mfukoni kwenye baa, mlipie soda yake uondoke.

Hatua ya 3: Pa kuzipata

Masanduku ya wazee kwanza, kwa adabu na kwa ruhusa. Kisha wauza vyuma chakavu, na masonara, ambao huzinunua kwa gramu na kuziyeyusha. Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946 zina madini ya fedha robo tu, kwa hiyo sonara hazimvutii sana. Rupia ya Mjerumani, yenye fedha zaidi ya asilimia 90, ndiyo inayoishia kuwa bangili. Ukifika kabla ya moto umeokoa kitu.

Hatua ya 4: Usisugue

Limau, majivu, mchanga, dawa ya meno, siki: vyote acha. Ule weusi ni ngozi ya sarafu. Ukiusugua umeondoa umri wake na thamani yake kwa pamoja, na hakuna fundi wa kuurudisha. Maji ya kawaida na kitambaa laini cha kukaushia kwa kugusagusa, basi.

Hatua ya 5: Tunza na uandike

Mifuko ya plastiki laini ya PVC huacha utelezi wa kijani baada ya muda. Tumia bahasha ndogo za karatasi. Kwa wa Pwani, weka ndani ya kopo vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Daftari lako liseme: imetoka kwa nani, wapi, lini, kwa bei gani. Usipoandika, watoto wako wataipeleka dukani kununulia mkate, na mwenye duka ataikataa.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Nimeona WhatsApp kwamba senti kumi ya 1936 yenye tundu inanunuliwa kwa mamilioni. Ninayo. Niende wapi?

Marahaba. Usiende popote, na usitume "ada ya usajili" kwa mtu yeyote. Historia yake ni ya ajabu, lakini zilipigwa nyingi na bei yake ni ya kawaida. Anayekuahidi mamilioni anataka hiyo ada. Ni ndugu wa wale wanaotafuta zebaki kwenye redio za zamani.

Bibi ameniachia riale kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke na mwaka 1780. Je, ina zaidi ya miaka 200?

Pole kwa msiba. Huyo ni Maria Theresa wa Austria, aliyefariki 1780. Sarafu hiyo ilipendwa mno na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na Pwani yetu, hata ikaendelea kupigwa kwa mwaka uleule mpaka karne ya 20. Yako inaweza kuwa ya kale au ya juzi. Ipime: iwe karibu gramu 28. Kama bibi aliivaa, itakuwa na alama ya kitanzi. Mnunuzi ataihesabu alama hiyo kuwa kasoro; wewe usiiondoe.

Baada ya mvua kubwa watoto huokota visarafu vya shaba karibu na magofu. Kuna mtu anavinunua. Naruhusiwa kuweka vichache?

Hapana, na hapa sina mzaha. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kuchimba au kuviuza bila kibali ni kosa. Visarafu vya masultani wa Kilwa ni vidogo na havina bei ya maana, lakini mahali kilipolala ndipo panapomwambia mtafiti habari. Kikishaingia mfukoni mwako kimekuwa bubu. Toa taarifa ofisi ya mambo ya kale au makumbusho. Na wanaochimba chini ya mibuyu wakitafuta "mali ya Mjerumani" nao wasome jibu hili.

Mke wangu anasema ada ya mtoto imegeuka vyuma. Nitajuaje nimepitiliza?

Kaka, akishasema hivyo umekwisha kupitiliza. Dalili nyingine: unanunua ulizonazo tayari, unataja bei ya uongo nyumbani, kuna bahasha hujazifungua tangu uzinunue. Dawa yangu ni kwamba kinachoingia lazima kitanguliwe na kinachotoka. Uza mbili zinazofanana, ndipo ununue moja. Na urudi kwenye mpaka wa hatua ya kwanza: aina moja moja za senti zenye tundu zinaenea kwenye ukurasa mmoja, lakini ukitaka kila mwaka na kila herufi ya kiwanda hutamaliza. Chagua ya kwanza mpaka ada iishe kulipwa.

Yangu ina unga wa kijani unaoongezeka. Nifanyeje?

Itenge na nyingine leo hii. Ikaushe vizuri, iweke peke yake na kipakiti cha kunyonya unyevu, uichunguze baada ya wiki chache. Kama unga haujasimama, tuma picha za pande zote mbili, zilizopigwa mchana dirishani, bila mwanga wa flashi.