Viputo ndani ya chupa: jaribu nyumbani uone vile maji, chumvi na sukari vinabadilisha mwendo wa hewa

Kama unasomea injinia ya kemikali hapa Kampala na mmefika topiki ya kolamu ya viputo (ile riakta ndefu, yaani chombo cha kufanyia mmenyuko wa kemikali, ya kupulizia gesi kwa chini ipande ndani ya kimiminika), ama una tanki la samaki tu na unashangaa mbona hewa inapita bila kufanya kazi, hii ni yako. Huhitaji maabara.

Tafuta chupa mbili za maji za lita moja na nusu, zile zisizo na mistari mingi. Moja ikate shingo, nyingine ikate shingo na kitako, halafu uziunganishe kwa silikoni upate kitu cha kama nusu mita, na usikimbilie paipu nyembamba ya sentimita 2 maana humo kiputo kinajaza paipu yote na kinasukuma maji kama pistoni, hutajifunza kitu. Pampu ya hewa ya samaki na lile jiwe lake la vitundu la kutoa viputo, linalokaa chini majini, utapata kwa wauza samaki wa mapambo. Ongeza rula na simu yenye slomo (video ya mwendo wa polepole).

Pampu iweke JUU kuliko maji. Mimi niliiweka sakafuni, stima ikapotea, maji yakarudi nyuma kwa kamrija polepole mimi niko jikoni, kurudi nakuta pampu imekunywa yote na ikafa.

Anza na maji matupu. Jaza hadi sentimita 40, washa, soma kimo kipya. Tuseme kimefika 41.5, basi hewa iliyomo ni 1.5 gawa kwa 41.5, yaani karibu asilimia 3.6. Gawa kwa kimo kipya, sio cha zamani, hapo ndipo wengi wanakosea. Sasa piga slomo: viputo vya milimita 3 hadi 5 vimebonyea kama chapati, vinayumba kushoto kulia, vinapanda kama sentimita 20 na kitu kwa sekunde. Vile vidogo chini ya milimita 1 ni duara safi na vinaenda wima.

Haya, chumvi. Weka vijiko viwili vya chai kwa kila lita, koroga, washa tena. Utashtuka, maji yanageuka meupe kama maziwa! Viputo vimekuwa vidogo kabisa, vinapanda polepole, na kimo kinaongezeka kuliko mwanzo ingawa pampu ni ile ile. Watu wengi watakwambia ni kwa sababu chumvi imepunguza mvutano wa uso wa maji (ile nguvu inayoufanya uso wa maji ujikaze kama ngozi). Si kweli, chumvi inauongeza kidogo. Kinachotokea ni kwamba viputo viwili vikigusana, ule utando mwembamba wa maji katikati yao unakawia kukatika, kwa hiyo haviungani, vinabaki vidogo vile vilivyotoka kwa jiwe. Tumia chumvi ya mezani, ile ya ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda, ina magadi na vitu vingine ndani hutajua ni nani amefanya nini.

Mwaga, suuza, jaribu waragi (pombe kali ya Uganda) kidogo, vijiko vichache tu. Utaona picha inafanana na ya chumvi, lakini hapa mvutano wa uso umeshuka kweli (maji matupu ni kama milinyutoni 72 kwa mita, alkoholi tupu ni kama 22). Kwa hiyo ukiona viputo vidogo usiseme haraka umejua sababu, uliza kwanza kama vinaungana ama haviungani.

Sukari sasa, na hapa mtu wa nyumbani atalalamika. Kilo moja kwa lita moja ya maji, pasha kidogo iyeyuke, acha ipoe kabisa maana joto linapunguza mnato (ule uzito wa kimiminika kutiririka) na litakuharibia vipimo. Mnato wake kwa nyuzi 20 ni kama mara 15 ya maji. Angalia karibu na jiwe: kiputo kikubwa kikipita kinaacha njia nyuma yake, kile cha nyuma kinavutwa ndani ya hiyo njia, kinakimbia, kinamgonga mwenzake, vinakuwa kimoja. Kubwa linapanda katikati mbio na kutoka, vidogo vinabaki vinazunguka pembeni muda mrefu. Bushera nzito (kinywaji cha nafaka kilichochachuka) inaonyesha hivyo hivyo ila huoni ndani, na molasi ndio kabisa.

Mbona hii ina maana kwa riakta? Eneo la kugusana kwa gesi na kimiminika katika kila ujazo ni mara 6 ya sehemu ya gesi (ile uliyopima kwa kimo) gawa kwa kipenyo cha kiputo, kwa hiyo hewa ile ile ikiwa kwa viputo vya milimita 1 badala ya 4, eneo ni mara nne. Ila uchafu unagandisha uso wa kiputo, cha milimita moja na nusu kinaweza kupanda karibu nusu ya kasi ya kwenye maji safi, na oksijeni inapita pole pole kwenye uso huo.

Sabuni iwe ya mwisho kabisa. Tone moja tu povu litapanda mpaka mezani, na likikuzidi dondosha mafuta ya kupikia kidogo juu, litalala. Baada ya hapo chupa hiyo usiiamini tena, kata nyingine.