Namna ya Kutumia Dawa za Kurekebisha Kinga kwa Mchangiaji wa Viungo Aliyepatwa na Kifo cha Ubongo

Mwongozo huu ni wa madaktari na wauguzi wa vyumba vya wagonjwa mahututi pamoja na waratibu wa uchangiaji wa viungo, na hauchukui nafasi ya itifaki ya hospitali yao. Ubongo unapokufa, mwili humwaga adrenalini kwa wingi kwa muda mfupi, kisha shinikizo la damu huporomoka, tezi ya pituitari, inayoongoza homoni za mwili, hushindwa kazi, na saitokini (kemikali zinazochochea kinga) kama interlukini-6 hupanda katika damu. Kuta za ndani za mishipa ya figo, ini na mapafu huanza kunasa chembe nyeupe, hata kiungo humfikia mpokeaji kikiwa kimekwisha kuchokozwa, kabla ya madhara ya kukaa kwenye baridi bila damu na kurudishiwa damu ghafla. Dawa za kurekebisha kinga hulenga kutuliza uvimbe huo (mwitikio wa kinga ndani ya tishu) katika saa zilizopo kati ya kuthibitishwa kwa kifo na upasuaji wa kutoa viungo.

Dawa yoyote inayotolewa kwa faida ya viungo pekee isubiri mpaka kifo kithibitishwe na kuandikwa na madaktari wasiohusika na upandikizaji, na ridhaa ipatikane kwa mujibu wa sheria. Baada ya hapo, chukueni kwanza damu ya kupima ulinganifu wa tishu, kwa sababu steroidi (dawa kuu ya kutuliza uvimbe, itakayoelezwa hapa chini) kwa dozi kubwa inaweza kuvuruga kipimo hicho. Hatua hii hurukwa kwa urahisi mno: dawa imeandikwa kwenye karatasi, muuguzi mwenye bidii anaitundika, na chupa za sampuli bado ziko tupu juu ya trei. Sampuli za damu, mkojo na makohozi za kuoteshea vimelea nazo zitangulie, kwani steroidi huficha homa na yenyewe huongeza idadi ya chembe nyeupe.

Dawa inayotumika zaidi ni methiliprednisoloni, aina ya steroidi. Dozi iliyozoeleka ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, bila kuvuka gramu 1. Mchangiaji wa kilo 60 atapata miligramu 900. Ichanganywe katika maji ya chumvi na kupitishwa kwenye mshipa kwa dakika 30 au zaidi, kwa kuwa dozi kubwa ikisukumwa kwa dakika chache inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Itolewe mapema, kwa maana sehemu kubwa ya kazi yake ni kuzima jeni zinazochochea uvimbe, na kazi hiyo huhitaji saa kadhaa. Kuitoa wakati kitanda kinasukumwa kuelekea chumba cha upasuaji hakuna maana kubwa. Katika utafiti wa Berlin uliochapishwa mwaka 2008 juu ya wachangiaji wa ini, ilianzishwa kwa miligramu 250 na kufuatiwa na miligramu 100 kila saa hadi viungo vilipotolewa, na dalili za uvimbe zilipungua. Pale ambapo tatizo kubwa ni shinikizo la damu, ipo njia ya haidrokotisoni, steroidi nyingine, miligramu 50 kisha miligramu 10 kwa saa, ambayo utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa hupunguza hitaji la noradrenalini, dawa ya kupandisha shinikizo.

Dawa ikishaingia, sukari ya damu ndiyo itakayowashughulisha zaidi. Ipimeni kila saa, muilinde kati ya milimoli 6 na 10 kwa lita kwa insulini ya pampu, na mfuatilie potasiamu, ambayo insulini huishusha. Mashine ya kupumulia isukume hewa mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito unaotarajiwa kwa urefu wa mchangiaji, kwa sababu mapafu yanayotanuliwa kupita kiasi huzalisha uvimbe mpya ambao steroidi haiwezi kuufidia.

Matarajio yawe ya kiasi. Watafiti wa Austria na Hungaria walitoa miligramu 1000 za methiliprednisoloni angalau saa 3 kabla ya upasuaji na kuchapisha matokeo mwaka 2010: jeni za uvimbe katika figo zilitulia, lakini idadi ya figo zilizochelewa kufanya kazi haikupungua kwa maana. Kinyume chake, jaribio la Marekani la mwaka 2015 lililomweka mchangiaji kwenye nyuzijoto 34 hadi 35 lilipunguza figo zilizochelewa kutoka asilimia 39 hadi 28. Kwa maoni yangu, steroidi ina nafasi yake, ila asiyedhibiti joto, shinikizo na hewa asitarajie dawa imfanyie kazi hiyo.

Simvastatini (dawa ya kushusha lehemu) miligramu 80 kupitia mrija wa tumboni, iliyojaribiwa Helsinki kwa wachangiaji wa moyo, pamoja na takrolimasi (dawa ya kukandamiza kinga), zibaki ndani ya tafiti zilizoidhinishwa, ambako wapokeaji nao huelezwa na kuombwa ridhaa. Jina la dawa, dozi na saa ya kuanza viandikwe kwenye fomu inayosafiri na kila kiungo, maana timu ya figo na timu ya moyo huenda ziko katika hospitali tofauti, na kila moja hupanga dawa za kinga za mgonjwa wake kivyake.