Hesabu miezi kabla ya kuomba Marie Curie
Kama umemaliza PhD na unauwinda ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, unaokulipia kufanya utafiti katika nchi nyingine, kabla hujaandika hata mstari mmoja, fungua pasipoti uhesabu mihuri. Uraia si kikwazo; Mtanzania au Mkongo anaruhusiwa kuomba kwenda Ulaya kama Mjerumani. Kinachoangusha watu ni sharti la uhamaji: ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya maombi, usiwe umeishi au kufanya shughuli yako kuu kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi unayotaka kwenda. Nchi, si chuo. Katika muda huo umekaa Leuven miezi 14? Basi Ghent nako kumefungwa, maana kote ni Ubelgiji, tazama Uholanzi. Likizo fupi haihesabiwi.

Halafu, huombi peke yako. Maombi yanapita kwa taasisi mwenyeji, kwa hiyo msimamizi atafutwe mapema. Mwandikie aya mbili tu, ya kwanza ikitaja makala yake uliyoisoma kweli. Barua ile ile iliyotumwa kwa maprofesa hamsini wanainusa mara moja.