Kuiweka sawa shotgani ya slagi kabla ya msimu wa kulungu: navyofanya mimi hapa Ohio

Kila mwaka ikifika Oktoba napigiwa simu na ndugu zetu hapa Columbus na miji ya jirani, mtu kanunua shotgani, kapita kozi ya uwindaji, leseni anayo, sasa anauliza bunduki nailengeshaje. Nimechoka kuelezea kwa simu kwahiyo naandika yote hapa.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Nilienda renji (uwanja wa kupigia shabaha) na slagi (ile risasi moja nzito ya shotgani, sio punje nyingi) za bei rahisi, nikarekebisha skopu (darubini ya kulengea) vizuri kabisa, alafu siku ya kuwinda nikaweka slagi za bei kubwa nikidhani nazo zitaenda palepale. Hazikwenda. Nilimjeruhi kulungu, tukafuata damu mpaka giza likaingia na kesho yake tukarudi tena, hatukumpata. Mnyama kateseka kwa uzembe wangu. Ndo maana hapa nasisitiza kitu kimoja kuliko vyote, slagi utakayoingia nayo msituni ndo hiyohiyo utakayopigia renji, kampuni ileile, uzito uleule, urefu uleule wa ganda.

Kwanza jua mtutu wako ni wa aina gani. Mulika ndani kwa tochi, bunduki ikiwa haina kitu. Ukiona mifereji inayozunguka huo ni mtutu wa mifereji, unataka slagi za saboti, zile risasi ndogo zilizovalishwa plastiki, mifereji inaishika plastiki inaizungusha na risasi inatulia hewani. Ukiona laini kama bomba hiyo ni ya slagi za Foster, zile nene za madini ya risasi matupu zenye mistari ubavuni, uzito wa kwenye uso wa mbele ndo unaozifanya ziende zimenyooka. Usipige saboti kwenye mtutu laini, haizunguki, utamaliza boksi matundu yametawanyika kila kona na utadhani skopu ni mbovu. Na kama mtutu laini una choki ya kufungua (kile kipande cha mdomoni mwa mtutu kinachobana njia ya risasi), weka ile ya wazi kabisa (silinda) au inayofuata, usipige slagi kwenye choki ya kubana ya kuwindia bata mzinga.

Jambo la pili watu wanaliruka, kaza kila kitu. Kile kifuniko cha mbele ya magazini (bomba la kuwekea risasi chini ya mtutu) ndo kinachoshikilia mtutu kwenye shotgani nyingi za pampu, zile za kuvuta na kusukuma kwa mkono, kikilegea kidogo tu mtutu unacheza na risasi zinahama. Mi nikishakaza nachora kamstari kwa kalamu ya rangi kutoka kwenye kifuniko mpaka kwenye mtutu, nikikuta mistari haikutani najua kimelegea. Skrubu za skopu pia, slagi ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) ina teke kali na inatikisa kila kitu. Angalia pia nafasi kati ya jicho na skopu, isipungue inchi 3 na nusu, nimeshaona watu wawili wamepasuka nyusi.

Tatu, kabla hujachoma risasi hata moja. Kama skopu yako imefungwa juu ya mtutu wenyewe (mitutu mingi ya slagi inakuja na kibao cha kufungia skopu), fungua mtutu mzima, ulaze juu ya mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu toka nyuma mpaka uone karatasi iliyo yadi 25 iko katikati ya tundu, alafu bila kuugusa angalia kwenye skopu, zungusha vifundo vyake mpaka msalaba wa ndani ukae kwenye karatasi ileile. Hii haikupi ziro (risasi kupiga pale unapotaka ukilenga kwa msalaba) ila inahakikisha risasi ya kwanza inagusa karatasi, na slagi za saboti zinauzwa boksi la 5 kwa bei ya kuumiza kwahiyo kila moja unayookoa ni hela. Kama skopu iko juu ya bodi ya bunduki njia hii haifai, basi anza tu na karatasi kubwa kwa karibu.

Sasa renji. Idara ya wanyamapori ya Ohio ina renji za umma, kuna moja Delaware kaskazini mwa Columbus, angalia kibali na siku zake kabla hujaendesha gari. Vaa vizuia masikio na miwani. Bunduki inakaa wazi bila risasi mpaka watu wote watoke mbele, hili halina mjadala.

Kaa kwenye benchi. Mkono wa mbele wa bunduki (ule mbao au plastiki unaoshika wewe) ndo unakaa juu ya mfuko wa mchanga, sio mtutu. Ukiegemeza mtutu wenyewe kwenye mfuko risasi zinaruka mahali pengine kabisa na siku ya msituni hutakuwa na huo mfuko. Kunja taulo nene uweke kati ya kitako na bega, haikupunguzii usahihi wowote, inakupunguzia woga, na woga ndo unaoharibu. Mtu akishapigwa teke mara tano anaanza kufumba macho kabla ya mlio, anavuta triga kwa nguvu, risasi zinakwenda chini na yeye analaumu skopu. Dawa yake mwombe mwenzako akupakie bila wewe kuona, mara ganda la mafunzo mara la kweli, ukivuta lile la mafunzo na mtutu ukachomoka kwenda chini basi umejiona mwenyewe.

Yadi 25, piga moja. Tuseme imeingia inchi 3 chini na inchi 2 kulia. Skopu nyingi kliki moja (mlio mmoja wa kifundo) inahamisha robo inchi kwa yadi 100, kwahiyo kwa yadi 50 inahamisha nusu ya hapo, na kwa yadi 25 inahamisha robo ya ile ya yadi 100. Maana yake inchi moja kwa yadi 25 ni kliki 16. Hapo unapandisha 48 na kushoto 32. Mshale kwenye kifundo unaonyesha risasi itakakoelekea, sio msalaba. Piga nyingine, ikikaa katikati au chini yake kidogo, inatosha, usipoteze risasi zaidi hapo.

Hamia yadi 50, na hapa ndo watu wanakosea sana. Piga tatu kwa utulivu, usiguse skopu katikati hata kama ya kwanza imekwenda vibaya. Alafu tafuta katikati ya yale matundu matatu na urekebishe kufuata hapo. Ukifukuza tundu mojamoja utazungukazunguka mpaka jioni. Acha mtutu upoe kati ya tatu na tatu, dakika 10 hivi, ukishindwa kuushika kwa mkono bado ni moto na mtutu wa moto unahamisha risasi.

Urefu wa kuweka ziro unategemea slagi. Foster inatoka kwa kasi karibu futi 1,600 kwa sekunde lakini inapoteza kasi haraka, ukiiweka katikati kwa yadi 50 basi kwa yadi 100 imeshashuka kama inchi 5. Mi mtutu laini naiweka inchi moja juu kwa yadi 50 na sipigi kulungu zaidi ya yadi 75. Saboti ni nyepesi na kasi zaidi, naiweka inchi 2 juu kwa yadi 100. Lakini usiniamini mimi wala karatasi ya kwenye boksi, peleka shabaha yadi 75 na 100 upige uone kwa macho yako imeshuka wapi, uandike kwenye kijikaratasi ugandishe kwenye kitako.

Kipimo changu ni sahani ndogo, inchi 8 hivi, maana sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu wa mkia mweupe ni kama hapo. Umbali ambao matundu yako yote matatu hayakai ndani ya hiyo sahani, huo umbali sio wako. Kama hata kwa yadi 50 hayakai, jaribu slagi ya kampuni nyingine kabla ya kuuza bunduki. Shotgani zina kuchagua kweli, mbili za aina moja dukani moja inapenda hii nyingine inaikataa. Na ukibadilisha, piga brashi mtutu kwanza, plastiki na madini ya risasi vinagandia kwenye mifereji.

Ukishamaliza benchi simama, kaa chini, egemea mti, piga kama utakavyopiga msituni, ukiwa umevaa koti nene la baridi na ile vesti ya rangi ya chungwa ambayo sheria ya Ohio inadai kipindi cha bunduki. Koti linasogeza kitako na jicho halikai palepale.

Kuhusu sheria, kwa kulungu hapa shotgani isiwe na risasi zaidi ya 3 ukijumlisha chemba na magazini, kwahiyo weka kile kizibo cha magazini kinachopunguza idadi ya risasi. Na wale mlioko kwa viza ya muda, sheria ya nchi nzima inawazuia kushika bunduki isipokuwa mkiwa na leseni halali ya uwindaji au msamaha mwingine unaotajwa humo, ulizeni mwanasheria kabla ya kugusa, sio baada.

Wiki ya bunduki inaanza Jumatatu baada ya sikukuu ya Thanksgiving mwishoni mwa Novemba. Jumamosi kabla ya hapo mi narudi renji nikiwa na mtutu baridi, napiga moja tu kwa yadi 50. Ile risasi ya kwanza ya mtutu baridi ndo atakayokutana nayo kulungu. Ikikaa pake, naangalia kamstari kangu kwenye kifuniko, nafunga bunduki kwenye begi na naweka slagi za boksi lilelile kwenye mfuko wa koti.