Kishikio cha mbao cha kamera: anza na bolti, umbo litafuata

Kamera bapa huchosha vidole, hasa ikibeba lenzi nzito. Kipande cha kitako chini yake na mpini wa wima upande wa mkono wa kulia vinatosha kuondoa adha hiyo. Tumia mbao ngumu iliyokauka vizuri, kama msaji au mkangazi. Mbao mbichi itajipinda baada ya kufungwa.

Tundu la chini ya kamera hupokea bolti ya robo inchi yenye meno 20 kwa inchi. Usijaribu M6 (bolti ya milimita 6): inafanana nayo kwa macho, lakini meno yake hayalingani na italegea au kula meno ya kamera. Bolti ikizidi urefu inaweza kuharibu kamera, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kukata chochote. Kitako kiwe na unene wa milimita 12. Toboa kutoka chini tundu pana la kuficha kichwa na wosha, kina milimita 6, kisha katikati yake pitisha keekee ya milimita 6.5 hadi juu. Zimebaki milimita 6 za mbao. Ongeza wosha milimita 1 na raba ya kukaa kati ya kitako na kamera milimita 1, jumla 8. Bolti ya nusu inchi (milimita 12.7) itachomoza milimita 4.7. Pima kina cha tundu la kamera kwa kijiti. Bolti ikigusa mwisho kabla ya kamera kukaza, ongeza wosha. Tundu pana litangulie daima, maana ukianza na jembamba keekee kubwa haitapata mahali pa kushika katikati.

Kabla ya kutoboa, chora kitako kwenye kadibodi na uhakikishe mlango wa betri unafunguka.

Nyuzi za mbao ziende wima kwenye mpini na kwa urefu kwenye kitako. Ukikata vyote katika gogo moja lenye umbo la L, upande mmoja utakuwa na nyuzi fupi, na hapo ndipo utakapovunjika. Unganisha kwa gundi ya epoksi na skrubu mbili za milimita 40 kutoka chini, ukitoboa njia zake kwanza. Ncha ya mbao, pale nyuzi zilipokatwa, hunyonya gundi: paka safu nyembamba, ngoja dakika chache, paka tena, ndipo ukaze.

Kwa umbo, finyanga udongo laini mkononi kwanza, kisha uige kwa tupa. Acha takriban sentimita 2 kati ya mpini na lenzi, la sivyo vidole vitabanwa. Msasa namba 80, 120, 240, hadi 400. Vaa barakoa, vumbi la mbao ngumu hudhuru mapafu.

Malizia kwa mafuta ya kitani, tabaka tatu nyembamba, kila moja ikauke kabisa. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vitandaze nje vikauke. Vikikunjwa pamoja vinaweza kuwaka vyenyewe. Raba ibandikwe mwisho, kwenye mbao isiyopakwa mafuta, maana gundi haishiki kwenye mafuta.