Jinsi ya kuwafundisha madogo kugeuza hewa ukaa kuwa kitu cha maana

Kama una madogo wa fomu two wanaopenda kemia usianze na mambo makubwa, anza na chokaa. Tafuta ile iliyochomwa tanurini ikazimwa kwa maji (isiyochomwa haifanyi kazi), kijiko kimoja kwenye lita ya maji, tikisa, acha mpaka kesho alafu chota yale maji maangavu ya juu. Miwani ya kujikinga ni lazima kwa kila mtu, chokaa inaunguza macho vibaya.

Kwenye chupa nyingine mimina siki juu ya bekingi soda, gesi inayotoka, ndo hewa ukaa yenyewe, ipite kwenye mpira wa dripu iingie kwenye maji ya chokaa, na njia ya gesi isizibwe popote maana chupa itapasuka. Maji yakiwa kama maziwa simamisha, ukizidisha yatarudi kuwa maangavu. Huo weupe ni kalisiamu kaboneti, unga unaowekwa kwenye rangi na dawa za meno.

Sasa hapa ndo pa kukaa nao, naomba usipaharakishe. Waulize, mnajuaje imefanywa na hewa ukaa na sio hewa yoyote tu? Alafu nyamaza. Waache wenyewe wafikie wazo la kupuliza hewa ya kawaida kwa pampu ya baiskeli kwenye chupa ya pili, muda uleule. Hata watafiti wanaopitisha umeme kwenye shaba ili hewa ukaa iwe ethilini (gesi ya kutengenezea plastiki) wanarudia jaribio kwa agoni, gesi isiyo na kaboni, wajue kaboni haijatoka kwenye uchafu.

Chujeni, kausheni, pimeni. Lita moja inatoa kama gramu 2 tu, na kila gramu 100 za unga zimeshika gramu 44 za hewa ukaa. Ndo uliza swali gumu: chokaa ilitoka wapi? Jiwe la chokaa likichomwa linatoa hewa ukaa ileile, bado kuni! Dogo akinyong'onyea hapo mwambie ameshika swali lenyewe la fani hii, kwamba faida inategemea nishati na malighafi vimetoka wapi, ndo maana kiwanda cha kugeuza hewa ukaa kuwa methanoli (alkoholi inayoweza kuwa mafuta), kilichopewa jina la mwanakemia George Olah, kilijengwa Svartsengi, Iceland, kwenye umeme wa jotoardhi na wa nguvu ya maji, wangetumia wa makaa ya mawe hesabu ingekataa.

Daftari liwe lake, usimwandikie hata mstari, na akitaka kujaribu jivu badala ya chokaa mpe jivu.